Nta Chini ya Vibao

Dada yangu alipokubali kuimba tena, alitoa sharti moja. Marimba iwe ileile ya marehemu mumewe, na iwe kama alivyoiacha.

"Isiguswe," aliniambia. "Nikipanda jukwaani ikanigeuka, mdogo wangu, nashuka. Na nikishuka sipandi tena mpaka mnizike. Nimekwambia mchana kweupe, usije ukasema sikukwambia."

Dada yangu hatishi watu bure. Kuna harusi moja, siku hiyo mimi naumwa, alikodiwa mtu wa kupiga ngoma badala yangu. Yule bwana akawa anakimbiza mapigo kama anafukuzwa na nyuki. Dada akanyamaza katikati ya ubeti, akavaa viatu, akaenda nyumbani kupika. Bibi harusi alibaki amesimama na tabasamu lisilo na pa kwenda.

Tangu shemeji afariki, dada alikuwa hajaimba hata jikoni. Kundi likabaki na wanaume watatu: mimi wa ngoma, mpwa wangu, mwanawe huyo dada, wa marimba, na mpiga filimbi tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki. Tulipiga huku na huko, watu wakatupigia makofi ya adabu, tukakunja virago. Nyimbo za asili bila mwimbaji ni mchuzi bila chumvi, unaliwa kwa kuwa umeshapakuliwa. Hatuna meneja, hatuna kampuni, hatuna mtu wa kutubebea hata kijiti. Kwa hiyo tamasha lilipotuita, na dada akasema haya, nilijua siku hiyo ina mambo mawili tu. Ama anarudi, ama ndiyo basi.

Sasa niseme kidogo juu ya marimba yenyewe. Shemeji hakuichonga kwa kufuata kinanda wala kipimo cha dukani. Aliichonga kwa kufuata koo la mkewe. Dada anafua uani, anatoa sauti moja, mume amekaa na tezo lake anakwangua kibao, anagonga, anasikiliza, anakwangua tena. "Rudia," anamwambia. Dada anarudia huku anakamua shuka. Kibao kimoja kilikuwa kinaweza kula wiki nzima. Kwa hiyo ile marimba hailingani na chombo kingine chochote duniani. Inalingana na mtu mmoja.

Siku ya tamasha tulifika mapema, tukajaribu sauti asubuhi, mimi na ngoma yangu na Redio na filimbi yake. Mpwa wangu aligonga vibao viwili vitatu vya pembeni, fundi sauti akainua dole gumba, tukashuka. Dada hakuwapo. Yeye haji kwenye majaribio. Anasema sauti si supu, haionjwi.

Mchana tukawa nyuma ya jukwaa, kwenye hema lenye viti vya plastiki na nyaya zilizobandikwa chini kwa utepe. Kundi la vijana wa magitaa lilikuwa juu, ardhi inatetemeka. Nikapita karibu na marimba, nikagonga kibao kimoja kwa kifundo cha kidole, mazoea tu, kama mtu anavyogonga mlango wa jirani akipita.

Nikasimama. Nikagonga tena. Nikainama, nikaweka sikio.

"Spana," nikaita.

Spana ndiye mpwa wangu. Jina hilo tulimpa kwa sababu hawezi kuona kitu kinafanya kazi vizuri bila kukifungua. Ni mtu mzima, ana mke, ana ndevu, lakini ukimwachia saa ya ukutani utaikuta kwenye sahani.

"Naam, mjomba."

"Hii marimba imefanywa nini?"

"Imefanywa nini kivipi?"

"Usinirudishie swali langu. Imefanywa nini?"

Nikaingiza mkono chini ya kibao, nikakibinua kwenye kamba zake. Mbao ya zamani chini huwa nyeusi, ina mafuta ya mikono. Hii kwenye ncha ilikuwa nyeupe, ina mikwaruzo ya tupa. Harufu ya mbao mpya ikanipiga puani.

"Umechonga."

"Vibao vitano tu, mjomba."

"Tu?"

"Sikiliza kwanza. Ule wimbo wa mwisho wa tamasha, makundi yote yanapanda na bendi yenye kinanda. Watarekodi, watarusha kila mahali. Tulipojaribu juzi, mimi na mpiga kinanda wao, vibao vitano vikagoma kukubaliana na kinanda. Vilikuwa chini kidogo. Nikavipandisha. Kidogo sana, mjomba. Unywele."

"Unywele ukiingia jichoni mwako utasema ni kidogo?"

Akaangalia chini. Nilitaka kumpiga kofi, na nadhani na yeye alitaka nimpige, tumalizane.

Redio akaingia na soda mkononi. Akatutazama, mara mimi, mara Spana. "Nani kafa?"

"Bado," nikamwambia. "Tunasubiri mama yake aje."

Nikamwonyesha. Redio akapitisha kidole kwenye ile mbao nyeupe, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akakaa kimya. Kisha akasema polepole, "Wewe mtoto. Baba yako angekuwa hai, angekufa."

Yule mpiga kinanda naye akapita, jamaa mpole, shati limechomekwa. Alisikia tunavyobishana akasimama. "Mzee, mimi sikumwambia achonge. Nilimwambia tutatafuta namna. Kinanda kina kitufe, kinashuka kidogo kidogo. Ningeshuka mimi." Akamtazama Spana kwa huruma. "Ungeniuliza tu, ndugu yangu."

Spana akafunika uso kwa viganja.

"Toa mikono usoni," nikasema. "Mama yako yuko njiani. Nani anabaki na akili hapa?"

Kibao ukikwangua ncha zake, sauti inapanda. Kuirudisha chini kuna njia mbili. Ya kwanza, ukwangue katikati. Lakini katikati shemeji alikuwa ameshakwangua mpaka mwisho wa ujasiri wake. Ukiongeza hata kidogo, pigo la kwanza linavunja. Njia ya pili, uzipe ncha uzito. Uzito tunaoujua sisi ni nta. Unaibandika chini, pale pale ulipokula mbao, na sauti inashuka.

Tatizo, nta yote tuliyokuwa nayo siku hiyo ilikuwa imekaa juu ya ngozi ya ngoma yangu. Pale katikati huwa naweka duara la nta, ndilo linaloipa ngoma kifua. Bila hilo duara, ngoma inabaki na kichwa tu, haina tumbo.

Nikachukua kisu cha Redio, nikaanza kuibandua.

"Na ngoma?" Redio akauliza.

"Itavumilia."

"Itasikika kama ndoo."

"Basi itasikika kama ndoo. Lete filimbi yako. Hiyo si ilikatwa kwa kufuata hii marimba?"

"Marehemu mwenyewe ndiye aliyeitoboa."

"Basi puliza. Na ukimaliza kupuliza, usiongee, puliza tena."

Tukapiga magoti, watu wazima watatu, kama watoto wanaotafuta shilingi chini ya kitanda. Redio anapuliza sauti moja, ndogo, karibu na mguu wa marimba ili tuisikie chini ya yale magitaa. Spana anagonga. Mimi nabandika punje ya nta. Anagonga tena. Imezidi, nabandua. Haijatosha, naongeza. Jasho linanidondoka kwenye vibuyu vya sauti vilivyoning'inia chini ya vibao. Hema lilikuwa la moto, na nta mikononi mwangu ilikuwa laini kama ugoro uliolowa, jambo ambalo sikulipenda hata kidogo.

"Mjomba," Spana akanong'ona. "Na kule jukwaani jua linaingia."

"Nimeliona."

"Upande wangu. Linaingia upande wangu."

"Nimeliona, nimesema."

Msimamizi wa jukwaa akachungulia. Binti mmoja mwenye waya sikioni, macho yako kwenye karatasi. "Mzee, mnafuata nyinyi baada ya hawa."

"Mzee baba yako."

"Baba yangu kijana kuliko wewe," akasema bila kuinua macho, akaondoka.

Kibao cha tano kilikuwa bado kidogo, na nta imekwisha. Nikakwangua ile iliyonata kwenye kisu, nikakwangua iliyonata kwenye kucha zangu, nikaibandika. Redio akapuliza. Spana akagonga. Zikalingana, au tulitaka sana zilingane, sijui.

"Nitamwambia mama," Spana akasema. "Akija tu, nitamwambia."

"Ukimwambia sasa, hapandi. Ukimwambia baadaye, atakuchinja. Chagua."

"Wewe ungechagua nini?"

"Mimi sikuchonga."

Dada akaingia hapo hapo. Gauni la bluu, kitambaa kichwani, viatu vya kufunika anavyovaa kwenye misiba na shughuli. Alikuwa amepungua tangu shemeji afe, lakini kutembea kwake ni kulekule, kama mtu anayekwenda kumsema mtu. Akatusalimia mmoja mmoja. Redio akasema, "Shemeji, umependeza, ukiniangusha hapa nitakuwa nimekufa vizuri," na dada akamwambia, "Kufa kwanza, tuone." Tukacheka kuliko utani ulivyostahili. Akatutazama kwa zamu.

"Mna nini?"

"Joto," nikasema.

Akavuta kiti mpaka kwenye marimba. Hilo ndilo lililokuwa linanikausha mate. Dada hapandi jukwaani kabla ya kuchukua sauti. Mumewe alikuwa anamgongea kibao kimoja, yeye anafumba macho, anakiitikia kooni, basi, wanapanda. Sasa amekaa, amefumba macho, anamsubiri mwanawe.

Spana akapeleka kijiti kwenye kibao cha pembeni, kimojawapo ambacho hakikuguswa.

"Si hicho," akasema dada, macho bado amefumba. "Nipe kile cha baba yako. Cha katikati."

Cha katikati kilikuwa na nta.

Spana alinitazama. Nikainamisha kichwa: gonga. Akagonga kwa upole, kama anayemwamsha mgonjwa. Sauti ikatoka. Ilikuwa sawa, lakini butu, imevaa kofia.

Dada akakunja uso. "Ana mafua huyu?"

Redio akainua filimbi yake.

"Ni hili hema," Redio akasema. "Unyevu. Hata mimi filimbi yangu inapiga chafya."

Dada akaitikia kooni, taratibu, akaikuta ile sauti pale alipoiacha. Akafumbua macho. Yalikuwa na maji, akayapangusa kwa pembe ya kitambaa. "Haya," akasema. "Twendeni kabla sijabadilisha mawazo."

Spana akafungua mdomo. Nikamkanyaga.

Jukwaa lilikuwa la mabomba ya chuma, juu turubai, upande wa kulia wazi kabisa, na jua la alasiri limelala hapo kwenye mbao za sakafu kama paka. Tukaiweka marimba kivulini, nyuma kadiri tulivyoweza. Vijana wa vyombo wakairudisha mbele. "Hapa kuna vipaza sauti, mzee." Juu yake walikuwa wamening'iniza viwili. Nikaisukuma nyuma. Wakairudisha. Msimamizi akaonyesha saa. Kivuli kilikuwa kinaishia pale pale kwenye mguu wa marimba.

Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotaka. Dada akavua viatu, akaviweka ukingoni upande wa marimba, akaenda peku mpaka kwenye kipaza sauti chake. Hakusalimia. Akainua kidevu, akaanza.

Sitaieleza ile sauti. Nitasema tu kwamba vijana waliokuwa wanauza maji waligeuka.

Nikaingia na ngoma, na kweli ilikuwa ndoo. Dada akanitupia jicho moja. Yeye si kiziwi. Nikainua bega, kama mtu anayelaumu hali ya hewa, akaniacha. Wimbo wa kwanza ukaenda. Spana alipiga ameinama, hapepesi macho, na alipofika kwenye vile vitano alikuwa analegeza kiwiko, anavigusa badala ya kuvipiga. Watu wakapiga makofi, na hayakuwa ya adabu. Nikaona mabega ya dada yameshuka, yametulia, kama miaka ile. Nikajiambia, labda. Mungu si wa mtu mmoja, labda.

Jua likasogea.

Wimbo wa pili ni wa mwanamke anayemwita mumewe aje kula. Chakula kinapoa, anamwita, kwanza kwa kawaida, halafu kwa hasira, halafu kwa namna nyingine. Walikuwa wanaupiga wote wawili, yeye anaita na marimba inachelewa kujibu, watu wanacheka. Hakuwa ameuimba tangu msiba. Na wakati wa kujibu, marimba inajibu kwa kile kibao cha katikati.

Nilikuwa naangalia vibao, siangalii watu. Jua lilikuwa limeshapanda kwenye mguu wa marimba, limefika kwenye vibuyu, limefika kwenye ncha. Nikaona kitu cheusi chini ya kibao cha kwanza katika vile vitano. Kikaning'inia. Kikarefuka kama ute. Kikadondoka kwenye kibuyu.

Sauti ya kile kibao ikaruka juu. Tofauti ndogo tu, watu elfu wasingeijua. Dada aliijua. Nyusi yake moja ikapanda, akaendelea kuimba. Spana akakikwepa kile kibao, akapita juu yake mkono mtupu, pakabaki tundu kwenye wimbo. Redio akajaribu kuliziba kwa filimbi, akachelewa.

Cha pili kikafuata, jirani yake. Spana akakikwepa nacho. Sasa yalikuwa matundu mawili, na wimbo unaanza kuchechemea. Nikapiga kwa nguvu zaidi kufunika, na ndoo yangu ikafunika vibaya. Jasho liliniingia machoni.

Dada akafika kwenye mwito wa hasira. Akamwita mumewe. Akasubiri jibu.

Spana hakuwa na pa kukwepea. Jibu ni kile kibao. Akakigonga, na nta ikaachia chini ya pigo lake, na marimba ya marehemu ikamjibu mkewe kwa sauti ya mtu mwingine.

Dada akanyamaza.

Mimi sikuacha. Mikono yangu iliendelea yenyewe, na Redio akaendelea, kwa kuwa ukiacha umekwisha. Watu walidhani ndivyo wimbo ulivyo. Mmoja akapiga mluzi. Dada akageuka akaipa hadhira mgongo. Uso wake haukuwa na kitu. Akaanza kutembea kuelekea ukingoni, kule viliko viatu.

Nikasema moyoni, basi. Imekwisha. Nikaona jioni yake, na jioni nyingine baada ya hiyo, amekaa uani hasemi. Nilitaka kumwita, na mikono haikuniruhusu.

Akafika kwenye viatu. Akavipita.

Akasimama mbele ya marimba, ana kwa ana na mwanawe. Akainama, akaingiza kidole chini ya kibao cha katikati, akakipitisha polepole kwenye ile mikwaruzo ya tupa. Akakitoa. Akaitazama nta kwenye ncha ya kidole. Akanitazama mimi, akatazama ngozi ya ngoma yangu, mahali palipokuwa na duara. Akaelewa yote, pale pale, mbele ya watu.

"Nani?" akauliza. Hakupaza sauti.

"Mimi, mama," akasema Spana. "Mimi peke yangu. Mjomba alikuwa anajaribu—"

"Sijakuuliza mjomba."

Vile vipaza sauti viwili vilikuwa juu ya vichwa vyao, na uwanja mzima ulisikia. Watu wakaanza kunyamaza safu kwa safu, kuanzia mbele. Msimamizi alikuwa pembeni amepanda ngazi nusu, mkono sikioni.

Dada akaweka kiganja cha kushoto juu ya vibao viwili vilivyo jirani, akavibana. Akaweka kiganja cha kulia juu ya kile cha katikati.

"Piga," akasema.

"Mama, mikono yako."

"Ni yangu. Piga."

"Nitakuumiza."

"Umeshaniumiza. Piga, usiniangalie mimi, angalia vibao."

Akapiga. Nimepiga ngoma karibu maisha yangu yote, na sijaona kitu kama kile. Vijiti vilikuwa vinaruka kulia na kushoto ya mikono ya mama yake, katikati ya vidole vyake, vinapita upana wa punje kutoka kwenye kucha. Na kila wimbo ulipofika kwenye kibao kilichobanwa, dada mwenyewe alitoa ile sauti. Aliitoa mahali pake hasa, kwa urefu wake hasa, kama kibao. Fundi sauti, Mungu ambariki popote alipo, akaongeza sauti ya vile vipaza viwili, na koo la dada likatoka juu ya uwanja limechanganyika na mbao, huwezi kujua kipi kinaanzia wapi.

Nta ya nne ikadondoka. Dada akatanua vidole vya kulia, akakibana na hicho. Ya tano ikadondoka. Hakuwa tena na mkono. Spana akajikunja kukikwepa kile cha tano, kijiti kikamtoka mstari, kikamwangukia mama yake kwenye kidole kidogo. Niliusikia ule mlio. Ulikuwa mlio wa mfupa.

Spana akasimamisha vijiti hewani.

Dada hakuinua mkono. Midomo yake ilikuwa imebana, pua imetanuka. Akavuta pumzi, akafika kwenye mwito wa mwisho, ule ambao si wa kawaida wala si wa hasira. Akaita. Halafu, kwa kuwa hapakuwa na kibao cha kumjibu, akakaa kimya kwa muda ule ambao jibu lingechukua. Aliuacha mzima, mtupu. Mimi nikainua mikono kutoka kwenye ngoma. Redio akashusha filimbi.

Ukaisha hivyo.

Kelele zilizofuata sizikumbuki vizuri. Nakumbuka Spana anasema, "Mama, nisamehe, mama, kidole," na dada anamjibu, "Hilo tutaliongea nyumbani, na utajuta kuzaliwa na masikio." Nakumbuka kidole kimeshavimba, kimekuwa kama ndizi changa. Msimamizi akapitisha mkono shingoni mwake kutuonyesha: malizeni, muda umekwisha. Nikaanza kulegeza mkanda wa ngoma.

Dada akatoa mikono kwenye marimba. Akaiacha pale ilipo, juani. Akarudi katikati, peku, akaanza kupiga makofi, kile kidole amekiinua pembeni kisiguswe. Makofi matatu, kituo. Makofi matatu, kituo.

Niliutambua ule wimbo na sikuamini. Haukuwa kwenye mpango wetu. Haukuwa kwenye mpango wetu wowote, tangu zamani, kwa kuwa shemeji alikuwa akiukataa. Ni wimbo wa wanawake wanaotwanga. Unataka makofi, ngoma, na watu wa kuitikia. Marimba haina nafasi humo hata ya kukohoa. Shemeji alikuwa akisema, "Huo mtaimba nikiwa sipo." Kila mara alisema kwa utani.

"Itikia," dada akamwambia Spana kwa kugeuza shingo.

"Mimi? Mama, mimi sauti yangu—"

"Naijua sauti yako, nimekuzaa nayo. Weka hivyo vijiti chini. Itikia."

Akaviweka chini. Akaitikia. Sauti yake ni mbovu, nasema ukweli, ni ya mtu anayeita gari limwache avuke. Lakini akaitoa yote, machozi yanamtiririka kwenye ndevu, na safu za mbele zikamwonea huruma zikaitikia naye. Redio akaitikia. Dada akaongeza mwendo. Nikarudisha mkanda begani na ndoo yangu ikaingia, na kwa wimbo ule, kumbe, ndoo ndiyo iliyokuwa inatakiwa.

Msimamizi akanijia kwa nyuma, ameinama ili watu wasimwone. "Mzee, kuna kundi linasubiri. Muda wenu umekwisha kabisa. Mwambie aache."

Mikono yangu ilikuwa kazini. Nikamwonyesha dada kwa kidevu.

"Kamwambie wewe."

Akamtazama dada yangu. Akatazama saa yake. Akamtazama tena.

Hakwenda.